Jicho la Tata Arbitre

Kapata, cité yetu, mtaa wa wafanyakazi wa migodi huku Kolwezi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mafundi wa garaji walimwita Arbitre, yaani mwamuzi, watoto walimwita Tata Arbitre, kama wanavyomwita baba, na mkewe, Mama Zaina, alipotaka kumkemea mbele ya wageni alisema "Monsieur l'arbitre", polepole, kila silabi peke yake. Nilikaa nyumba ya pili kutoka kwake miaka mingi, katika zile safu za nyumba za kampuni zinazofanana mpaka mgeni anaweza kuingia kwa jirani na kuketi kabla ya kugundua kwamba amepotea. Nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo yeye, kama watu wote wa cité, aliniita Madame. Jina lake nalijua. Hapa nitamwita kama tulivyomwita.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ufundi wa malori. Ndugu zake wote walikuwa wafanyabiashara na wenye magari, Waislamu wa asili ya Maniema, na kaka yake mkubwa alikuwa na malori yake kule Tenke. Yeye alipenda zaidi kulala chini ya lori kuliko kulimiliki. Uamuzi wa mpira ulikuwa wa Jumapili, baada ya watu kutoka misa, kwenye uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba za mwisho, usio na hata jani moja la nyasi. Hakuna aliyemwajiri. Alianza siku mwamuzi mwingine alipokosa kufika, na tangu siku hiyo filimbi haikutoka tena shingoni mwake.

Uwanjani alikuwa na msemo mmoja. Wachezaji walipomzunguka wakipiga kelele kwamba mpira umeguswa kwa mkono, alisubiri wamalize, kisha akasema: "Kitu sikuona, haikufanyika." Basi. Hakubadilisha uamuzi hata mara moja, hata pale sisi sote tuliokuwa kando tulipojua kwamba amekosea, hata pale yeye mwenyewe alipojua. Jioni angeweza kupita kwa kapteni wa timu iliyoonewa, akanywa chai kwake, akasema kwa utulivu, "Ile goli yenu ilikuwa goli," na kesho yake asingekubali kulizungumzia tena.

Malori ya madini yalipopita barabarani kutoka upande wa machimbo ya Mashamba, vumbi liliufunika uwanja wote. Waamuzi wengine waliacha mchezo uendelee. Yeye alipiga filimbi, akauchukua mpira, akaukumbatia kwapani na kusimama katikati mpaka vumbi litulie. Washambuliaji walilalamika kwamba anawavunjia nguvu. Hakuwajibu. Alikuwa anakohoa.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa na sheria zake. Alichezesha akiwa amefunga, kwenye jua la saa tisa, na kadi zilitoka haraka kuliko miezi mingine. Timu zilijua. Makocha waliwaambia vijana wao, "Angalia, Arbitre hakukula," na mechi za mwezi ule zilikuwa za adabu kuliko zote za mwaka. Mara moja kapteni mmoja alimpelekea kuku siku ya Jumamosi. Alimpokea, akashukuru, Mama Zaina akampika, nasi majirani tukatumiwa mapaja. Jumapili aliwatoa wachezaji wawili wa timu ile kabla ya mapumziko. Kapteni alipomfuata baadaye na uso wa mtu aliyeibiwa, Tata Arbitre alimwambia, "Kuku ilikuwa mutamu. Asante tena."

Mtu huyuhuyu, kwenye mchezo wa dama, alikuwa mwizi. Sijui neno jingine la kuliweka hapo. Aliketi na mume wangu barazani kwetu, na mume wangu alipogeuka kuniitikia, kete moja ilikuwa imehama. Nilimwona mara nyingi. Nilipomwambia, "Tata, ile kete ilikuwa pale," aliniangalia kwa upole wote. "Madame, mi sikuona." Mume wangu alicheza naye miaka na miaka na alijua. Alisema hakuna raha nyingine ya kucheza na mtu mwenye haki kiasi kile.

Watoto wake aliwalea kwa sauti ndogo. Kwa mkewe alikuwa mtiifu kuliko alivyotaka wanaume wenzake wajue. Alikuwa mwoga wa sindano. Alipenda wali wa jana uliopashwa moto kwenye sufuria kavu mpaka ukashika chini, na alikuwa anakwangua lile gamba kwa kijiko akiwa amesimama jikoni, kabla ya kwenda kazini. Naitaja hiyo kwa sababu ya mambo yaliyokuja.

Ajali ya jicho lake nilisimuliwa na mdogo wangu Kalenga, aliyekuwa na nyundo mkononi. Walifanya kazi garaji moja, kando ya barabara ya kwenda Likasi. Lori la mtu lilikuwa limetoka machimboni na matope yake yote, na pini ya springi ilikuwa imekwama. Kalenga alikuwa anaigonga itoke. Tata Arbitre alikuwa ameinama karibu kuangalia kama inasogea. Miwani ya kazi alikuwa nayo, lakini ilikuwa imejaa jasho, kwa hiyo alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso. Nyundo ilipiga, kipande cha chuma kikabanduka, chembamba kama gamba la samaki, kikaruka. Kalenga anasema hakukuwa na kelele. Tata Arbitre alisema tu, "Ngoja kidogo," akanyoosha mgongo, akaweka mkono juu ya jicho la kushoto bila kuligusa.

Watu wengi wangesugua, au wangemimina maji ya ndoo, au wangengoja kesho. Yeye alifanya yote aliyopaswa kufanya. Alikataa lisiguswe. Alimwambia Kalenga akate chini ya chupa ya plastiki, akaishikilia juu ya jicho kama kikombe, na wakapanda pikipiki kwenda hospitali saa ileile. Alipimwa, picha ikapigwa, ikaonyesha kile kipande kiko ndani kabisa. Daktari wa zamu aliwaambia ukweli: hapa hatuwezi kukitoa, mpelekeni Lubumbashi kwa wenye vyombo vya macho. Akampa dawa, akamchoma zile sindano alizoziogopa, akafunga jicho vizuri. Alfajiri waliondoka kwa gari la jamaa. Mama Zaina aliniomba niende nao kwa sababu alijua kwamba kule maneno yatakuwa ya Kifaransa.

Safari ile siwezi kuisahau kwa jinsi alivyokaa kimya. Alikuwa na homa. Maumivu yalikuwa yamempanda kichwani usiku ule, na jicho ambalo jana yake lilikuwa na tundu dogo tu lilikuwa limevimba mpaka kitambaa kilisimama. Kwenye kila tuta la barabara alikamata mkono wa mkewe. Karibu na Likasi aliniuliza, "Madame, kuko jua?" Jua lilikuwa limetoka zamani. Jicho la kulia halikufungwa kitambaa, lakini alikuwa amelifumba kwa uchungu wa lile jingine.

Daktari wa macho kule Lubumbashi alikuwa mwanamke, mfupi, wa maneno machache. Alifungua kitambaa, akaangalia, na nikaona amebadilika. Hawakungoja. Walimwingiza, wakatoa chuma, wakaweka dawa ndani ya jicho lenyewe, wakachukua usaha kidogo wa kupima. Siku zilizofuata waliendelea kuweka dawa. Haikusaidia. Jicho lilikuwa limekwisha tangu usiku wa kwanza, tulikuwa tunachelewa kujua tu. Daktari akatuita, akasema inabidi kulisafisha lote, kuondoa vilivyomo, kabla uchafu haujaenda mbali.

Mama Zaina alitaka kujua ni kitu gani. Daktari alianza kwa Kifaransa, nikawa nafasiri, kisha akaniacha, akamgeukia na kusema kwa Kiswahili chetu.

"Mama, ni kadudu. Inakalaka mu budongo, mu mavumbi, hata mu muchele. Kila siku tunaikanyaka."

"Batoto banakulaka budongo kila siku," Mama Zaina akasema, "na macho yabo iko muzima."

"Juu haikuingia mu macho. Ukikula wali ya kulala yenye iko na hii kadudu, tumbo inakusumbua siku moya, inaisha. Mu jicho hamuna basoda, baaskari ba mwili ba kuipiganisha. Ikiingia na chuma, inazalana mbio, na sumu yake inakula jicho mbele hatuyafika." Akaketi karibu naye. "Haifikake mara mingi. Bantu banaumia na chuma kila juma, na hii kadudu haiingiake. Mi niliiona mara kidogo sana. Na kila mara ilinishinda."

Mama Zaina akauliza kama wangefika jana yake, usiku uleule, jicho lingepona.

"Pengine," daktari akasema. "Mi sitakubongea, sitakudanganya. Pengine hapana."

Nadhani neno lile lilimsaidia kuliko faraja. Tata Arbitre alipoambiwa alitikisa kichwa, akauliza jambo moja tu: kama la kulia litafuata. Daktari akasema la kulia ni zima, alitunze.

Mama Zaina aliporudi Kapata alitupa wali wote uliobaki kwenye sufuria, na tangu siku ile wali haukulala tena katika nyumba ile. Mumewe alilalamika miaka yote iliyofuata. Alisema jicho limepotea na gamba la wali pia, na kwamba daktari alitaja wali kwa mfano tu.

Lakini huo ulikuwa msiba wa ndani ya nyumba. Wa nje ulikuwa mwingine. Wiki mbili kabla ya ajali, Tata Arbitre alikuwa ameinyima timu ya Kalenga penalti, na Kalenga, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba macho kama yale hayamfai mtu kitu. Maneno hayo sasa yalirudi. Watu walijiuliza, na si wajinga waliojiuliza: kipande kidogo vile, mtu amefika hospitali saa ileile, amechomwa sindano, na bado jicho zima linaoza usiku mmoja? Ile haraka ndiyo iliyowashtua. Kama jicho lingekufa kwa mwezi, hakuna mtu angesema neno. Garajini wakaanza kumwachia Kalenga kazi za peke yake. Mke wake alikwenda kununua makala, yaani makaa ya kupikia, mwenye makala akasema yamekwisha, na gunia lilikuwa pale. Kalenga akawa hatoki.

Kaka mkubwa alikuja kutoka Tenke na wazee wawili. Waliketi uani kwa Tata Arbitre, na sisi wa upande wa Kalenga tukaitwa. Mgonjwa alitoka na kitambaa usoni, amekonda, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

"Jicho ya muntu haiozaka siku moya bure tu," kaka mkubwa akasema. "Kuko muntu. Na ule muntu alisema na kinywa yake mwenyewe. Tunaenda kuuliza kwa benye kujua, banatutajia."

Tata Arbitre alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea uwanjani.

"Yaya," akamwambia kaka yake, "nani aliona?"

"Kuona nini?"

"Ile bulozi. Nani aliiona?"

Kaka mkubwa akawageukia wale wazee, na Tata Arbitre akaendelea.

"Mi nilikuwa pale. Mi njo niliona, na hii macho mbili nilikuwa nayo. Nyundo ilipiga pini, chuma ikaruka. Lineti ya macho ilikuwa pa kichwa, mi njo niliipandisha. Dokta anaijua ile kadudu, iko na jina. Haina bulozi." Akapumzika, sauti ilikuwa bado haina nguvu. "Na kama Kalenga eko na bulozi nguvu hivi, juu ya nini timu yake inapigwa kila siku ya Mungu?"

Mzee mmoja alicheka, akajizuia. Kaka mkubwa hakucheka. Lakini hakwenda kwa waganga, na jambo lile, kwa upande wa familia, liliishia pale uani.

Nisimfanye mtakatifu. Alikanusha uchawi kwa sababu haukuwa kweli. Kusamehe kulikuwa jambo jingine, na hakukuwa na haraka nalo. Miezi kadhaa hakumsalimia Kalenga. Alipita mbele yake kama anavyopita nguzo. Nilipomuuliza, alinieleza kwa hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo. Chuma kigumu hakipigwi kwa chuma kigumu, alisema, kila fundi anafundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Unaweka kipande cha shaba katikati, shaba ni laini, inapokea. Kalenga hakuweka. "Na wewe hukumwambia aweke?" nikauliza. Baadaye akasema kwamba garaji haikuwa nayo. Dunia nzima inakuja Kolwezi kuchimba shaba, na garaji yetu haikuwa na kipande chake cha urefu wa kiganja. Aliporudi kazini kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kutafuta kipande hicho, na alikifunga kwa waya kwenye ukuta, juu ya meza ya vifaa, kila mtu akione.

Kuishi na jicho moja alijifunza kama anavyojifunza mtoto. Chai aliimwaga pembeni mwa kikombe, mpaka akazoea kugusisha mdomo wa birika kwenye ukingo kwanza. Akikupa mkono, mkono ulipita hewani. Ngazi za kushuka zilimtisha. Baadaye alipewa jicho la bandia, la kahawia iliyopauka kidogo kuliko lake, akalivaa Idi na harusini tu. Siku nyingine alivaa miwani myeusi, akasema inampa sura ya mtu mwenye madeni.

Uwanjani alirudi msimu uliofuata. Tulifika wengi, na kilichotokea hakuna aliyekitegemea: kimya. Alikosea faulo ya wazi, watu wakanyamaza. Akasahau kona, wakanyamaza. Hapo zamani alitukanwa kipofu kila Jumapili, na sasa neno lile lilikuwa limegeuka mwiko. Alimaliza mechi akiwa amenuna. Jioni alinijia barazani.

"Madame, bananionea huruma. Sasa nitajua namna gani kama nilikosa?"

Jumapili ya pili, kabla ya mchezo, Tata Arbitre alitoka kwake, akapita nyumba yangu, akaenda kugonga kwa Kalenga. Nilikuwa ndani, nilikuwa nimempelekea mke wake unga. Hakuketi.

"Upande ya kushoto mi sionaka tena," akasema. "Kuya ukamate drapeau."

Kalenga alikuwa hajatoka Jumapili nyingi. "Juu ya nini mi?"

"Juu we unajua sababu ile upande iko bure. We hautalala."

Kalenga akavaa viatu. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikimbia na bendera mstari wa kushoto, na alikuwa mkali kuliko mwamuzi mwenyewe; timu yake aliiacha. Watu wa garaji waliwaona wawili wale wakitoka uwanjani pamoja, na makala yakaanza kupatikana. Sikuwahi kuwasikia wakiizungumzia ajali. Walibishana juu ya kuotea mpaka mlangoni.

Aliyevunja kimya cha uwanja alikuwa mama mmoja muuza karanga, ambaye mwanawe alikuwa ameangushwa ndani ya eneo la hatari bila filimbi kulia. Alisimama na beseni kichwani.

"Arbitre, ile moya ilibakia nayo inalala?"

Watu wote wakamwangalia. Tata Arbitre alisimamisha mchezo, akamgeukia taratibu kwa upande wake unaoona, na nikamwona anatabasamu mpaka meno ya nyuma. Kisha akaonyesha mchezo uendelee. Penalti hakuitoa. Baada ya hapo walimtukana kama zamani.

Miaka ikapita. Magoti yalimwachisha uwanja kabla ya jicho. Kaka yake alipofariki alihamia Tenke kusimamia malori, akaniachia mimi dama yake na mume asiye na mtu wa kumwibia kete. Tuliongea kwa simu siku za sikukuu.

Mwaka jana nilipita Tenke nikienda kwa binti yangu. Nilimkuta ameketi mlangoni. Nilisimama mbele yake, na alinitazama kama mtu anayetazama ukuta. Nilipomsalimia ndipo aliponyanyuka. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu mweupe, mtoto wa jicho, ule wa uzee. Mama Zaina alinieleza pembeni kwamba madaktari wa Lubumbashi wamesema ni operesheni ndogo, watu wanaifanya asubuhi na kurudi nyumbani, na kwamba ameikataa kila mara siku inapofika.

Nilimuuliza mwenyewe.

"Bale banafunguliwa macho beko na mbili, Madame. Mi niko na moya. Mi ninajua kile inaweza kuingia." Alipapasa goti lake. "Sasa ninaona mwangaza, ninaona mulango. Ni kidogo, lakini ni yangu."

Nilimwambia hofu yake ina sababu, na kwamba daktari atakayemkata lazima aijue habari ya jicho la kwanza, yote, ili achukue tahadhari mara mbili. Nikasema kama akikubali, nitakwenda naye kuieleza, maana nilikuwepo. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Basi tuende mbio, mbele sijabadirisha mawazo."

Tulikwenda juma lile. Daktari, kijana, alinisikiliza bila kunikatiza, akaandika, akamwambia kila kitu atakachofanya kabla ya kukifanya. Operesheni ilikuwa fupi kweli. Usiku uliofuata ndio ulikuwa mrefu. Jicho la kwanza lilikwenda kwa usiku mmoja, na yeye, mkewe na mimi tulijua hivyo. Mama Zaina alikaa karibu naye, akawa anamuuliza kila mara kama linauma. "Inawasha tu," alisema.

Asubuhi muuguzi alikuja kuondoa kitambaa. Akakiondoa, akafuta kope kwa pamba, akasema, "Tata, fungua." Hakufungua. Aliketi amefumba, mikono juu ya magoti, na muuguzi alikuwa na subira, alimwacha. Nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda. Hakukuwa na uvimbe. Hakukuwa na usaha. Nilitaka kumwambia, nikaona si haki yangu.

Akafungua. Jicho lilitoa machozi, likapepesa, likatafuta. Lilimpata muuguzi kwanza, kisha mimi.

"Madame," akasema baada ya kunikagua, "ulizeeka."

Muuguzi akacheka. Mama Zaina alikuwa upande wa pili wa kitanda, amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akingoja naye aambiwe lake. Tata Arbitre alimgeukia. Alimtazama muda mrefu, kuanzia kichwani. Halafu akamwomba asogee kidogo, akae karibu na dirisha, penye mwanga.